Kabla Hujacheka na Mwenye Miwani Ufuoni Diani

Ukitaka kujua kuna kamera ngapi ufuoni Diani, usihesabu simu. Simu unaiona. Mtu akiinua simu unajua unapigwa picha, na una nafasi ya kugeuza uso, kumwambia "hapana kaka", ama kusimama vizuri utoke fiti. Hesabu miwani.

Ndiyo, miwani ya jua. Tangu Oktoba 2023 kampuni ya Meta na wenye Ray-Ban wamekuwa wakiuza miwani janja yenye kamera ya megapikseli 12 kwenye kona ya fremu, na maikrofoni na spika karibu na masikio. Bei ilianzia dola 299. Kufikia Februari 2025, EssilorLuxottica, kampuni inayoitengeneza, ilisema imeshauza zaidi ya milioni mbili. Sasa niambie: katika hao milioni mbili, hakuna wa kushuka uwanja wa ndege wa Ukunda ama kuvuka feri ya Likoni aje kuota jua kwetu? Watakuja tu.

Miwani hiyo ikianza kurekodi, kataa kadogo keupe huwaka mbele. Hiyo ndiyo ilani yako. Mchana wa Diani, jua la saa saba na mchanga mweupe unaoumiza macho, nani atakaona hako kataa? Halafu Oktoba 2025, wanahabari wa 404 Media kule Marekani waliandika kuhusu fundi aliyekuwa akitoza dola 60 kuifanya taa isiwake kabisa. Kwa hivyo usiitegemee sana.

Najua utasema kamera si habari. Ni kweli. Watalii wametupiga picha tangu babu zetu wakiuza madafu. Picha zilienda Ulaya zikakaa kwenye albamu, mtu akazisahau. Kilicholeta habari mpya si jicho la miwani. Ni kichwa kilicho nyuma ya hilo jicho.

KICHWA KIMEANZA KUFIKIRI

Programu za kwanza za akili unde, hii AI tunayoitaja kila siku, zilikuwa kama yule jamaa wa maskani anayejibu kabla swali halijaisha. Unauliza, inaropoka. Septemba 2024 OpenAI ikatoa o1, mfumo uliofunzwa kutulia kwanza: unagawa swali vipande, unajaribu njia moja, unaona imegonga mwamba, unarudi na kushika nyingine. Januari 2025 DeepSeek ya China ikatoa R1 inayofanya vivyo hivyo, tena ikaruhusu mtu yeyote kuipakua bure. Julai 2025, mifumo ya OpenAI na ya Google DeepMind ilitatua maswali matano kati ya sita ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, pointi 35 kati ya 42. Hicho ni kiwango cha medali ya dhahabu kwenye shindano la wanafunzi wakali kabisa wa sekondari duniani.

"Sasa hesabu na mimi wapi na wapi?" Ngoja.

Aprili 2025 ilitoka o3, ambayo inafikiri kwa picha pia. Inaikata, inaivuta karibu, inaizungusha, inaitazama tena. Haikupita wiki, watu wakawa wanaipa picha za likizo na za mikahawa na kuiuliza: hapa ni wapi? Hukosea, lakini mara nyingi hupata. Sasa chukua picha yako ya Jumapili. Nyuma yako kuna paa la makuti, ukuta wa mawe ya matumbawe, mbuyu, tuktuk ya namba ya Kenya, na nusu ya neno "Ukunda" ubavuni mwa matatu. Kwako hiyo ni mandhari. Kwa mashine ni ngazi, inapanda kidato baada ya kidato mpaka inafika ulipo.

Usidhani nakutisha na filamu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard, AnhPhu Nguyen na Caine Ardayfio, walionyesha mradi walioupa jina I-XRAY. Walivaa miwani hiyo hiyo ya dukani na kurusha vidio moja kwa moja Instagram. Programu yao ikawa inaitazama na kunyofoa sura. Sura ikapelekwa PimEyes, mtambo wa kutafuta watu kwa uso. Kisha akili unde ikasoma kurasa zilizopatikana na kutoa jina, na jina likapelekwa kwenye hifadhi za wazi za Marekani likarudi na anwani ya nyumbani na namba ya simu. Waliwaendea watu wasiowajua wakaongea nao kana kwamba walishawahi kukutana. Programu yenyewe hawakuisambaza. Walisema nia yao ni kuonya. Lakini angalia vizuri: hakuna hata kifaa kimoja walichovumbua. Waliunganisha tu vitu ambavyo tayari vilikuwa sokoni.

Na vya kuunganisha vinazidi. Desemba 2024 Google ilileta zana inayoitwa Deep Research, na Februari 2025 OpenAI ikaleta yake. Unaipa swali, inafungua makumi ya kurasa, inakuandikia ripoti yenye viungo. Ni kitu kizuri sana ukiwa na kazi ya chuo ama unapanga biashara. Lakini zana hiyo haichagui cha kutafiti. Inaweza pia kutumwa kukusanya picha yako ya Facebook ya 2016, bango la harambee lenye jina lako, na tangazo la kazi uliloweka ukasahau.

KWETU NAMBA NI JINA

Hapa Diani tumerahisisha kazi zaidi. Angalia ubao wa mama wa masaji, mashua ya kupeleka wageni kwenye mwamba, tuktuk, kibanda cha vinyago: namba ya simu imeandikwa kwa rangi, kubwa. Ni lazima, maana bila namba hakuna kazi. Lakini ukiweka namba hiyo kwenye M-Pesa kama unayetaka kutuma pesa, jina la mwenyewe linatokea kabla hujatuma. Kwa hivyo klipu ya sekunde kumi yenye uso, sauti na ubao imeshabeba karibu kila kitu. Hakuna haja ya kwenda Harvard.

Na ni nani anayerekodiwa zaidi? Si mgeni aliyelala kando ya bwawa la hoteli. Pale kuna askari wa mlangoni. Ni wewe unayefanya kazi mchangani: msusi, mwenye ngamia, mwanasarakasi, kijana wa mashua, na watoto wanaooga baharini jioni wakitoka madrasa.

Chukulia dada anasuka mteja. Mgeni anacheka naye, anamuuliza anakaa wapi, ana watoto wangapi, kama ana mume. Dada anajibu kwa adabu, maana adabu ndiyo inayorudisha mteja. Anajua anaongea na mtu mmoja. Wiki mbili baadaye mazungumzo yako mtandaoni, yamepewa kichwa cha dharau, na kijiji kizima kinapokezana klipu kwenye WhatsApp. Zamani angejipoza: huko Ulaya nani ananijua? Siku hizi hajui hata ni nani ataiuliza mashine. Anaweza kuwa mume waliyeachana vibaya, mdai, ama mtu ambaye yeye alihama mji kumkimbia.

RUHUSA SI SOO MBILI

Utasikia: "Si alilipwa?" Mgeni alitoa shilingi mia mbili, akapigwa picha na ngamia, yameisha.

Hapo kumbuka Worldcoin. Mwaka 2023 vijana walijaa KICC Nairobi kupigwa picha za mboni za macho, kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya kama elfu saba. Agosti 2 mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Kesi ilienda mpaka Mei 5, 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Moja ya hoja nzito ilikuwa hii: idhini iliyopatikana kwa kumning'inizia mtu pesa si idhini halisi.

Ukishaelewa hilo, mia mbili ya picha ya ngamia inabaki kuwa mia mbili ya picha ya ngamia. Haikununua sauti yako. Haikununua mtoto aliyepita nyuma yako.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila sheria ya bunge. Nenda Kaya Kinondo, hapo hapo kusini mwa Diani, msitu ulio katika orodha ya UNESCO ya kaya za Mijikenda tangu 2008. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unaingia na mwenyeji, na hutoki na kitu: si jani, si kijiti. Mgeni anayetii hayo kwa heshima zote anaweza kutoka msituni, akafika ufuoni, akabeba sura za watu wazima bila kuuliza. Hakuna aliyemwambia kwamba na sura pia ina mwenyewe.

Basi mwambie. Sheria unayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya kukutambulisha kuwa data yako. Na si ya kutundikwa ukutani: Septemba 2023, Casa Vera, kilabu cha Nairobi, kilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa, na Roma School ya Uthiru Sh4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Wenye vilabu na hoteli za Diani wanaorusha vidio za wateja kila Jumamosi, hiyo inawahusu pia.

Tuseme ukweli, sheria hiyo ina mipaka. Picha ya mtu kwa matumizi yake na ya familia yake iko nje. Na mgeni aliyesharudi kwao ni mgumu kumshika. Lakini malalamishi unaweza kuyapeleka kwa mdomo au kwa maandishi, na Kamishna anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Piga picha ya skrini, hifadhi kiungo na tarehe, kabla klipu haijafutwa.

TAZAMA NA MKONO WAKO

Usimuandame mgeni peke yake. Hiyo saa janja mkononi inahesabu hatua zako, na pia inachora njia yako. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia ya mahali watu wanapokimbia. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akagundua kwamba ramani hiyo ilikuwa imefichua kambi za kijeshi Syria na Afghanistan, kwa sababu wanajeshi walikimbia na saa zao. Kama jeshi lilijichora lenyewe, wewe unayetoka mbio saa kumi na mbili kila asubuhi umechora nini? Mstari unaanzia mlangoni kwako. Ingia kwenye mipangilio, ficha mwanzo na mwisho wa njia. Ni dakika mbili.

Na ukiwa unaivaa hiyo miwani wewe mwenyewe, jua unayoiambia inabaki. Tangu Aprili 2025 Meta imesema sauti za amri zako zinaweza kuhifadhiwa hadi mwaka mmoja, usipozifuta kwa mkono wako.

Mashine hiyo hiyo itumie upande wako. Ipe Sheria ya Data, iambie ikueleze kwa Kiswahili chepesi kifungu kinachokuhusu. Ila rudi ukasome kifungu chenyewe. Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi ambazo ChatGPT ilizibuni kabisa. Mashine imejifunza kufikiri tangu wakati ule, lakini kudanganya kwa kujiamini haijaacha.

Ufuoni kwenyewe, dawa bado ni mdomo wako. Mtu akikukazia macho kupitia fremu nene yenye kiduara pembeni, muulize, kwa tabasamu lako lile lile la kazi: "Rafiki, hiyo miwani inarekodi?" Akisema ndiyo, mwambie aivue kwanza, biashara baadaye. Mteja mwenye nia njema ataivua.