KUKU ANAYETAGA ANAHITAJI CHOKAA

Safari hii tuzungumze juu ya yai. Tunataka hasa kusema habari za ganda lake, maana ganda hilo lilitutia hasara.

Katika kikundi chetu tulikuwa na mitetea 20 wa kisasa. Tuliwafungia bandani. Tuliwapa pumba na mahindi yaliyoparazwa, asubuhi na jioni. Walishiba, na mwanzoni walitaga vizuri. Kisha mambo yakaanza kuharibika. Maganda yakawa membamba. Ukilishika yai kwa nguvu kidogo tu, kidole kinaingia ndani. Siku moja tulipeleka trei moja gulioni kwa baiskeli. Lilikuwa na mayai 30. Tulipofika, mayai 11 yalikuwa yamevunjika. Fedha ya madaftari ya watoto ikamwagika njiani.

Baadaye mtetea mmoja akataga yai lisilo na ganda, laini kama mfuko wa maji. Kesho yake akashindwa kusimama.

"Wifi, huyo mchinje upesi," jirani akamwambia mwenzetu. "Yai bila ganda ni uchuro huo."

"Ngoja kwanza, wifi. Tumwite Bwana Mifugo."

Bwana Mifugo alipofika hakutaka habari za uchuro. Aliuliza jambo moja tu: "Mnawalisha nini?"

"Pumba na mahindi."

"Basi ganda mlitaka walitoe wapi?"

Tukanyamaza. Hatukuwa na jibu. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza tangu siku ile.

GANDA NI CHOKAA

Karibu ganda lote la yai ni chokaa. Ndani ya chokaa hiyo mna madini yanayoitwa kalsiamu. Ndiyo madini yanayofanya mifupa yetu na meno yetu yawe magumu.

Ganda la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2 hivi. Lakini si kalsiamu yote anayokula kuku inayoingia mwilini. Nyingine hutoka na kinyesi. Kwa hiyo kuku anayetaga karibu kila siku anahitaji kula gramu 4 hivi kwa siku.

Sasa tutazame mahindi. Gramu 100 za mahindi hazina kalsiamu hata ya kufika sehemu moja ya kumi ya gramu. Pumba nayo ina kidogo sana. Kuku anaweza kushiba mahindi mpaka gole likajaa, na bado akakosa kitu cha kutengenezea ganda.

KUKU HUKOPA KWENYE MIFUPA YAKE

Mtu atauliza: mbona kuku wetu walitaga vizuri mwanzoni?

Jibu ni kwamba mtetea ana akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa yake. Akikosa kalsiamu katika chakula, huichota huko. Leo anachota kidogo, kesho anachota tena. Wewe unaokota mayai na kufurahi, kumbe kuku anajimaliza mwenyewe. Akiba ikipungua, maganda huwa membamba. Ikizidi kupungua, mifupa hulegea, miguu hukosa nguvu, na kuku hulala chini.

Kwa hiyo tusingoje mpaka tuone yai laini. Tukiliona yai laini, kuku ameshateseka siku nyingi.

Kuku wa kienyeji anayezurura ana nafuu. Hutaga mayai machache, halafu huatamia na kupumzika kutaga. Tena huokota majani, wadudu na konokono. Shida huwa kubwa tunapomfungia kuku bandani, au tunapofuga kuku wa kisasa anayetaga karibu kila siku. Huyo hana pa kujitafutia. Anategemea mkono wetu.

CHOKAA TUIPATE WAPI?

1. Dukani. Maduka ya chakula cha mifugo huuza chokaa ya kuku. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa.

2. Pwani na kandokando ya maziwa. Makombe ya chaza na ya kome ni chokaa tupu. Yaoshwe, yakaushwe juani, kisha yatwangwe.

3. Porini na shambani. Makaka ya konokono waliokufa yanafaa pia. Yachemshwe kwanza, kisha yakaushwe na kutwangwa.

4. Jikoni. Maganda ya mayai tunayokula nyumbani tusiyatupe. Yaoshwe, yakaangwe kidogo kwenye kikaango kikavu ili vijidudu vife, kisha yatwangwe mpaka yasionekane tena kama yai. Kuku akionja ganda zima anaweza kujifunza kula mayai yake. Lakini maganda ya nyumbani peke yake hayatoshi. Ukiuza yai, ganda nalo limekwenda na mnunuzi.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, usiwape kuku chokaa ya kupakia nyumba. Hiyo imechomwa kwenye tanuu, na huunguza mdomo na matumbo. La pili, changarawe si chokaa. Changarawe humsaidia kuku kusaga chakula ndani ya firigisi, lakini mchanga na changarawe za kawaida hazimpi kalsiamu.

Kombe au jiwe la chokaa lipo njia rahisi ya kulipima. Kamulia juu yake matone ya ndimu. Likiwa na chokaa, utaona povu dogo likichemka. Mchanga mtupu hautoi povu.

JINSI YA KUWAPA

Kuku mmoja anayetaga anahitaji gramu 10 hivi za chokaa kwa siku. Hizo ni kama vijiko viwili vidogo vya chai, visivyojaa sana. Tupige hesabu kwa kuku 10:

Siku moja: 10 × 10 = gramu 100.
Siku 30: 100 × 30 = gramu 3,000, yaani kilo 3.

Sisi huweka chokaa katika chombo chake peke yake, mbali na chakula. Kuku mwenyewe hujua haja yake. Anayetaga hula nyingi, asiyetaga hudonoa kidogo tu. Kama unanunua chakula cha mitetea kilichokwisha changanywa dukani, chokaa huwa imo tayari. Hapo chombo hicho huwa ni cha kuongezea tu.

Tusiisage chokaa yote ikawa unga. Nyingine iwe vipande kama punje za mtama. Vipande hivyo hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole. Hilo lina faida kubwa, kwa sababu ganda hujengwa kwa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wakati kuku amelala. Kwa hiyo hakikisha chombo kina chokaa kuanzia alasiri.

Vifaranga na matembe, yaani kuku jike ambao bado hawajaanza kutaga, wasipewe chokaa nyingi namna hii. Huwaharibu figo. Kama wanakaa pamoja na wakubwa, inua chombo juu kidogo wasikifikie.

Tena kuku wapate jua. Jua husaidia mwili kupata vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa haiingii vizuri mwilini. Wapate pia maji safi, na kivuli wakati wa joto. Kuku anayehema kwa joto hula kidogo na kutaga mayai mabovu.

Ukiwapa chokaa wiki mbili na mayai bado ni laini, mwite mtaalamu. Mdondo na magonjwa mengine huharibu maganda vilevile. Usiache kuwachanja kuku wako.

Yule mtetea wetu aliyelala hakuinuka tena. Tulichelewa. Lakini wenzake walipona. Siku hizi tukipeleka trei gulioni, tunarudi tumeuza mayai yote, na mnunuzi huyagonga kwa ukucha kusikia yanavyolia. Yule jirani naye ameweka chombo cha makombe bandani kwake. Habari za uchuro hazitaji tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuku wako wanakula nini? Chokaa wanaipata wapi?
2. Kwa nini kuku aliyeshiba mahindi huweza kutaga yai laini?
3. Kama una kuku 15 wanaotaga, utahitaji kilo ngapi za chokaa kwa siku 30?
4. Katika kijiji chenu makombe, makaka ya konokono au mawe ya chokaa yanapatikana wapi?