Mwarobaini, saratani ya matiti na safari ndefu ya dawa

Ni vigumu kupita mitaa ya Voi bila kuuona mwarobaini. Mti huu wenye asili ya Bara Hindi umeyazoea joto na ukame wa nyanda za chini za Taita Taveta, na jina lake lenyewe hudai kuwa unaponya maradhi arobaini. Wapo wanaoiongeza saratani ya matiti katika hesabu hiyo.

Dai hilo halikuzuka hivi hivi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi nimbolaidi, kemikali iliyomo katika mwarobaini, inavyoinasa protini mojawapo ndani ya seli za saratani ya matiti na kuzizuia zisiongezeke. Tena seli hizo zilikuwa za aina sugu inayoitwa hasi-tatu.

Seli nyingi za saratani ya matiti huwa na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, au protini ya HER2 kwa wingi. Dawa nyingi za kisasa hulenga hapo. Aina hasi-tatu haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo, kwa hivyo dawa hizo hukosa pa kushika. Huwapata zaidi wanawake wa umri mdogo na wenye asili ya Kiafrika.

Hata hivyo, kuua seli katika kisahani cha maabara si kazi kubwa. Hata siki ikizidi huziua. Kazi ni kuziua zilizo mbovu na kuziacha nzima ndani ya mwili wa mtu.

Ugumu wa kazi hiyo unadhihirika katika kisa kilichoanzia kaunti jirani ya Kwale. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivunisha zaidi ya tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills. Iliyotafutwa ni maitansini, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 baada ya kuipata katika mmea wa jamii hiyo uliotoka Ethiopia. Wakusanyaji waliporejea miaka minne baadaye, vichaka vilikuwa havijachipuka vya kutosha.

Maitansini huizuia seli kugawanyika. Lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa iliwatapisha, ikawaharisha, ikadhuru ini na neva, ikawekwa kando. Ilirudi kwa njia nyingine: wanasayansi waliifunga kwenye kingamwili inayoitafuta HER2, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli ya saratani. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Katika jaribio la wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa waliopewa dawa nyingine. Siku hizi malighafi yake hutokana na bakteria, wala si vichaka vya Kwale.

Mbinu iyo hiyo imewafaa wagonjwa wa aina hasi-tatu. Dawa ya Trodelvy, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hubeba sumu iliyobuniwa kutokana na kemikali ya mti wa Uchina, Camptotheca acuminata. Katika jaribio kuu, muda wa kuishi ulipanda kutoka miezi 6.7 hadi 12.1. Si uponyaji, ila kwa mama mwenye watoto miezi hiyo si midogo.

Sufuria ya majani ya mwarobaini haina kipimo wala kingamwili ya kuielekeza. Mafuta ya mti huo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto walionyweshwa. Isitoshe, mgonjwa anayekimbia dawa za hospitali ili atumie mimea huenda anaikimbia mimea yenyewe: paklitakseli, dawa inayotumiwa sana dhidi ya saratani ya matiti, ikiwemo hasi-tatu, ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Marekani.

Anayehisi uvimbe titini anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi; Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, iko umbali wa kilomita 150 hivi. Aliyekwisha kunywa mwarobaini amweleze daktari ni kiasi gani na kwa siku ngapi, kwani dawa nyingi za saratani huchujwa na ini, na daktari hulipima kabla ya kuamua kipimo cha dawa.