Mfukoni sina kitu, nikampeleka Mama Ngina!

JUMAPILI hiyo nilikuwa na shilingi mia tatu. Ndiyo, mia tatu! Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeachishwa kazi, na mwenzangu, ambaye tulishaanza kuzungumza habari za posa, hakuwa na habari. Mara simu yake hiyo: “Leo wanitoa wapi?”

Nikajibu kiume: “Mama Ngina!” Kumbe nishapiga hesabu. Feri ya Likoni kwa waendao kwa miguu ni bure, na Mama Ngina nako hukatiwi tiketi. Unashuka upande wa kisiwani, unakata kulia, na safari imekwisha.

Ndugu msomaji, kama ni miaka mingi hujafika, utapotea. Palikarabatiwa kwa shilingi milioni 460, pakafunguliwa Oktoba 2019. Ni ekari 26 kando ya bahari, kuna njia nzuri za kutembea, viti na vibanda vya wauzaji. Ile mibuyu mikongwe bado ipo, minene hata watu wanne wakishikana mikono wataizunguka kwa taabu.

Tukatembea polepole. Ukiitazama bahari, ng’ambo ni Likoni kwetu, kushoto ni bahari kuu, na hapo katikati ndio mlango wa Kilindini. Meli zote kubwa za bandari ile hupita hapo. Ilipita moja imejaa makontena, karibu mno, hata mabaharia tukawaona juu wakitupungia mikono. Watoto wakapiga kelele, na mimi nikapiga kelele pia!

Nikanunua mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, na dafu moja tukanywa kwa zamu. Hapo ndipo akaniuliza, “Mbona dafu moja?”

Moyo ukanipasuka. Ningeweza kusema nimeshiba. Lakini bahari ile, upepo ule, sijui vipi, uongo ukanikwama kooni. Nikamwambia yote: kazi hakuna, kodi ya nyumba inadaiwa, na mia tatu yenyewe ndiyo hiyo tunayoitafuna.

Akanyamaza. Meli ikapotea kwenye kona ya bandari, naye bado kimya. Mwishowe akasema, “Wanidhania mimi mjinga? Wiki mbili wanipigia simu saa nne asubuhi, saa za kazi! Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe.” Kisha akaufyonza mkono wenye pilipili, akaongeza, “Haya, kesho tukaitafute hiyo kazi.”

Vijana wenzangu, tunakopa ili tuonekane tuna pesa mahotelini, na huko muziki ni mkubwa hata hamsikilizani. Siku mfuko ukitoboka, nendeni Mama Ngina baada ya alasiri, jua likishapoa. Mwenzako akikaa nawe pale kwa muhogo wa pilipili na dafu moja, huyo usimwache.

Posa? Bado ipo. Kazi ndiyo naitafuta!