Je, Wajua? Paka Mwenye Goti Bovu Hapewi Panadol

Huku Rubongi, wilayani Tororo, paka ndiye mlinzi wa mahindi na wimbi nyumbani. Siku akigongwa na bodaboda, hurudi akirukaruka kwa miguu mitatu na kujibanza uvunguni mwa kitanda. Kabla hujakimbilia dukani, soma haya.

Je, wajua kwamba goti la paka ni lile linalotazama mbele, karibu na tumbo? Kile kiungo kilichochongoka kwa nyuma ni kisigino.

Je, wajua kwamba nusu ya kidonge cha Panadol cha miligramu 500 inaweza kumuua? Damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, ufizi hubadilika rangi, uso na nyayo huvimba. Ini lake halina kimeng'enya cha kuiondoa sumu hiyo. Simba na chui nao ni vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba aspirini hukaa siku kadhaa mwilini mwake, na ibuprofeni humharibia figo na tumbo? Hata dawa ya kuchua ni hatari, kwa kuwa atairamba yote.

Je, wajua kwamba paka hukoroma hata akiwa na maumivu? Usidhani amepona kwa sababu anakoroma mapajani mwako. Mtazame uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu chenye alama tano: masikio, macho, mdomo, sharubu na kichwa. Masikio yakilala pembeni, macho yakisinyaa na kichwa kikishuka chini ya mabega, anaumia.

Je, wajua kwamba kulifunga goti kwa vijiti huzidisha maumivu? Vijiti huishia pale pale gotini, vikawa mzigo unaolivuta jeraha.

Je, wajua kwamba tiba ya kwanza ni kumtuliza? Mweke ndani ya boksi pana lenye kitambaa laini, asipate pa kurukia. Sogeza karibu maji, chakula na mchanga wa kujisaidia. Siku mbili za mwanzo, akikubali, mkande goti kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 kila mara.

Je, wajua kwamba paka akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta na kumuua? Akikataa chakula kutwa nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Je, wajua kwamba dawa zake zipo? Daktari humpimia meloksikamu au gabapentini kwa uzito wake. Januari 2022 Marekani iliidhinisha frunevetmab, sindano ya paka wenye maumivu ya yabisi ya viungo, ugonjwa ambao mara nyingi hufuata jeraha la goti.

Je, wajua kwamba paka mpole akiumia huuma? Mfunge kwa leso kabla ya kumbeba. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali, kwani kichaa cha mbwa hupatikana hata kwa paka.

Tororo ilikuwa makao ya utafiti wa nagana ya mifugo na malale ya watu wa Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo daktari wa wanyama si mgeni kwetu. Akija kumwona ng'ombe wako, mwonyeshe na paka. Panadol iache kabatini.