Bawa juu ya bawa, shida iko mkiani

Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka kwa kufuata Reli ya Usambara likiwasukuma Wajerumani: Mazinde, Mombo, Korogwe, halafu likaiacha reli hadi Handeni. Kikosi cha 26 cha anga cha Waingereza kililisaidia kwa ndege aina ya BE2c, za mbao na kitani, zenye bawa juu ya bawa na injini ya nguvu farasi 90. Viwanja vyake vilikuwa pori lililofyekwa. Leo Walmsley, mpelelezi wa angani ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya, alianguka nazo mara kadhaa na akapona.

Kuruka nazo si shida sana. Kazi ni kutua. Magurudumu mawili makubwa yako mbele, mkiani kuna kigongo tu kinachoburuzwa, na kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu hayo. Ni kama kusimamisha fimbo wima kiganjani: ikianza kuinama, inazidi kuinama. Upepo wa ubavuni ukiusukuma mkia kidogo, uzito wa nyuma unataka kupita mbele, na ndege inajizungusha. Ncha ya bawa la chini inakwangua udongo, mguu unavunjika, rafadha inapasuka vipande. Rubani naye haoni mbele, maana pua imeinuka, na kwenye BE2c mwenzake amekaa mbele yake.

Tambarare ya mkonge chini ya milima ya Usambara nayo ina joto, na joto huongeza shida. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi ikikimbia zaidi kuliko mahali pa baridi, hata kama kipima mwendo kinaonyesha namba ileile.

Mbona basi watu hutoka wazima? Nishati ya mwendo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Ndege inayotua kwa kilomita 70 kwa saa hubeba robo tu ya nishati ya ile yenye uzito sawa inayotua kwa 140. Mbao zinavunjika, na kuvunjika kwenyewe kunameza kishindo. Nadhani ndiyo maana wapenzi wa ndege za zamani zenye bawa juu ya bawa hawajaziacha. Mwaka 2016 msafara wa ndege hizo ulitoka Krete hadi Cape Town ukipitia Kenya na Tanzania.

Ndege ya namna hii ikiangukia shambani kwenu, waokoeni watu kwanza. Msiwashe sigara, petroli humwagika. Rafadha msiiguse, na mabaki yaacheni hapohapo mpaka wachunguzi wafike, kwani alama za magurudumu kwenye vumbi ni ushahidi.