Tone moja kwenye jicho la kuku: jinsi seli za kinga zinavyojenga kumbukumbu

Singida inasifika kwa kuku wa kienyeji. Kwa kaya nyingi kuku ndiye benki: akiuzwa, mtoto anapata daftari, mgonjwa anapata dawa. Ndiyo maana mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, unaogopwa sana. Kirusi chake kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa, kinaweza kumaliza karibu banda zima ndani ya siku chache.

Kinga yake ni tone moja la chanjo jichoni. Sasa jiulize: tone dogo hivyo linamlindaje kuku kwa miezi kadhaa?

Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA), ina kirusi hai lakini dhaifu. Kikishaingia mwilini, seli za doria hukimeza, hukikatakata, kisha huvionesha vipande vyake kwa seli T. Seli T inayotambua kipande huanza kuzaliana.

Wakati huohuo, seli B nayo imekinasa kirusi kilekile. Lakini hairuhusiwi kuendelea kivyake. Lazima ioneshe kipande chake, na seli T msaidizi ikithibitishe. Ni kama sanduku la VICOBA: lina kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo una mtu wake. Utaratibu huu husaidia kuzuia mwili usijishambulie wenyewe.

Zikikubaliana, seli B huzaliana kwa wingi, na zile zinazokishika kirusi vizuri zaidi ndizo zinazochaguliwa. Baadhi hugeuka viwanda vya kingamwili. Nyingine hubaki kimya kama seli za kumbukumbu, zikisubiri.

Na je, unajua herufi B imetoka kwa kuku? Ni kifupi cha bursa, kifuko kidogo karibu na tundu la kutolea kinyesi, ambako seli hizo hukomaa. Mwaka 1956, Bruce Glick na wenzake walionesha kwamba kuku walioondolewa kifuko hicho wangali wadogo walishindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo.

Basi kwa nini kuku huchanjwa tena kila baada ya miezi mitatu au minne, wakati mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na 18 tu? Surua huchukua takribani siku 10 kujitokeza, hivyo kumbukumbu hupata muda wa kuamka. Mdondo hauna subira hiyo. Kuku anahitaji kingamwili ambazo tayari ziko kazini, na hizo hupungua kadiri miezi inavyopita. Isitoshe, vifaranga wapya huanguliwa kila mara.

Kwa hiyo usisubiri kuona kuku wa jirani wamejikunyata ndipo utafute chanjo. Seli zinahitaji hadi wiki mbili kukamilisha makubaliano yao. Chanja banda likiwa bado na amani.