Ujira wa Mwigizaji na Kiti cha Mtangazaji

Katika wadi ya Theta, ardhi ya Kiambu iliyo baina ya Ruiru na Thika, ambako mibuni inang'olewa ili mashamba yakatwe viwanja na viwanja vijengwe nyumba za kupangisha wanafunzi na wafanyakazi wa viwandani, saa moja na nusu ya usiku ni saa ya tijara sawa na alfajiri ya sokoni. Maana hiyo ndiyo saa ambayo televisheni za sebuleni, za vinyozi na za vibanda vya nyama choma huelekezwa kwenye mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, na nukta 30 za tangazo la sabuni au la benki zinazopachikwa katikati ya mchezo huo huuzwa kwa bei ambayo matangazo ya adhuhuri hayaikaribii hata kidogo. Kiambu, kwa sensa ya mwaka 2019, ina watu zaidi ya milioni 2.4, wala hakuna kaunti inayoizidi kwa wingi wa watu ila Nairobi. Wakazi hawa hudhani kuwa wao ndio wanunuzi katika biashara ya televisheni, ilhali kwa hakika wao ndio bidhaa, kwa kuwa mwenye kituo humuuzia mwenye sabuni macho yao, na mchezo ni chambo tu cha kuyakusanya macho hayo mahali pamoja.

Baina ya mwenye kituo na mwenye sabuni husimama mtu mmoja ambaye wajihi wake unajulikana na kila mtoto, na ambaye hesabu zake hazijulikani na mtu: naye ni mwigizaji wa kike, ambaye akiisha kupata jina kwenye mchezo huketishwa kwenye kiti cha kuongoza kipindi cha mseto, cha mazungumzo, muziki, mapishi, harusi na mizaha. Kwa kuwa maneno ya jumla hayashibishi, nitamchukua mmoja ambaye njia yake ilipita jirani kabisa na Theta.

Sarah Hassan alisoma ilimu ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hapo Juja, chuo kilichoanza mwaka 1981 na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 1994, na ambacho hakikukusudiwa kamwe kutoa waigizaji. Watazamaji walimjua kwa jina la Tanya katika Tahidi High, mchezo wa kituo cha Citizen juu ya maisha ya shule ya sekondari, ambao ulikuwa chuo halisi cha uigizaji kwa kizazi kizima: humo alipita Abel Mutua, ambaye leo ni mwandishi na mtayarishaji, na humo alipita Jackie Matubia, ambaye tutamrudia. Kutoka hapo Sarah Hassan aliingia kwenye uongozi wa kipindi cha harusi cha Citizen, The Wedding Show, na katika hatua hiyo moja, iliyoonekana kwa watazamaji kama kubadili nguo tu, alihama kutoka upande mmoja wa daftari la mahesabu hadi upande mwingine.

Ili msomaji aelewe uzito wa hatua hiyo, hana budi kujua jinsi mwigizaji wa kawaida anavyolipwa. Mwigizaji hulipwa kwa siku ya kurekodi au kwa sehemu moja ya mchezo, na siku hiyo huanza kabla ya jua na kwisha taa zinapozimwa. Hana mshahara wa mwezi, hana malipo ya uzeeni, na fedha zake, baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, aghalabu hungoja mtayarishaji alipwe na kituo, na kituo nacho hungoja kulipwa na wakala wa matangazo, hata ankara ya mwezi wa tatu ikawa inalipwa mwezi wa sita au wa saba. Fauka ya hayo, mikataba mingi humkabidhi mwenye kituo haki zote za kazi iliyorekodiwa, ikiwa ni pamoja na haki ya kuirudia na kuiuza nchi za nje, kwa malipo yale yale ya siku ile moja. Akiandikwa kwamba ameaga dunia katika mchezo, ujira wake huaga naye.

Mambo haya si mapya. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na tangu wakati huo hadi mwaka 1990, ilipokuja KTN, kituo kilikuwa kimoja tu, cha Serikali, na mwigizaji asiyeridhika hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang' katika mchezo wa vichekesho wa Vitimbi, alikuwa mtu wa nyumbani katika kila nyumba yenye televisheni kwa miaka mingi kuliko mawaziri wengi, na bado katika miaka ya mwisho ya uhai wake wananchi walichangishana fedha ili atibiwe macho. Alifariki Julai 2015. Wapo waliosema kwamba wasanii hawajui kuweka akiba, na mimi naona neno hilo ni dhulma, kwa sababu akiba hutoka katika ziada, na ujira wa siku hauna ziada.

Amma kiti cha mtangazaji, hesabu yake ni nyingine. Kipindi cha mseto ni rahisi kwa mwenye kituo kuliko mchezo wa kuigiza: mchezo unataka waandishi, waigizaji kumi au ishirini, nyumba ya kukodi, mavazi, chakula cha seti na magari ya kuwarudisha watu kwao usiku, ilhali kipindi cha mseto kinataka ukumbi mmoja, kamera chache na wageni ambao wengi wao huja bure, kwa kuwa wao wenyewe wamekuja kujitangaza. Mwanamuziki huleta wimbo wake mpya, mpishi huleta keki yake, na katika kipindi cha harusi mshonaji wa magauni, mpambaji, mwenye mahema na mwenye hoteli wote wana sababu ya kutaka kuonekana. Kiongozi wa kipindi cha namna hiyo aghalabu hulipwa kwa mwezi au kwa mkataba wa msimu, jina lake huwa sehemu ya jina la kipindi, na wadhamini humjua yeye kabla ya kukijua kituo. Kwa hiyo hata kipindi kikifungwa, yeye huondoka na wateja wake. Daniel Ndambuki, maarufu kwa jina la Churchill, aliizidisha hesabu hii kwa kuwatoza watazamaji wa ukumbini kiingilio, hata kipindi kimoja cha vichekesho kikaleta fedha za mlangoni na fedha za matangazo kwa usiku mmoja.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Oprah Winfrey wa Marekani, aliyecheza katika filamu ya The Color Purple mwaka 1985 na ambaye kipindi chake kilianza kuonyeshwa nchi nzima mwaka 1986, asingalikuwa tajiri kiasi alichokuwa kama angaliridhika na mshahara wa mtangazaji, hata mshahara huo uwe mnono namna gani. Utajiri ulimjia kwa kuwa mwaka 1988 kampuni yake, Harpo, ilichukua umiliki wa kipindi chenyewe. Ngazi, basi, ina vidato vitatu: siku ya kazi, kiti cha mtangazaji na umiliki, na wengi wa waigizaji wetu hukwama katika kidato cha kwanza huku wakipigiwa makofi.

Sarah Hassan alikipanda kidato cha tatu kwa filamu ya Plan B ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Mnigeria Dolapo Adeleke, ajulikanaye kama LowlaDee, ambayo aliicheza na kuitayarisha pia, na ambayo mwaka 2020 ilipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za Africa Magic Viewers' Choice (AMVCA). Walipofanya tena kazi pamoja na mwongozaji huyo katika Just In Time, filamu hiyo ilionyeshwa na Netflix mwaka 2021. Mwaka huo huo alikuwa mpelelezi Makena katika Crime and Justice, mchezo uliotengenezwa kwa fedha za mtandao wa filamu wa Showmax na za kampuni ya Kifaransa ya Canal+, na tena alikuwa Zora katika mchezo wa Kiswahili wa Citizen wenye jina hilo. Mtu mmoja, mwaka mmoja, alikuwa na mnunuzi wa Marekani, mnunuzi wa Ufaransa na mnunuzi wa Nairobi. Na wingi huo wa wanunuzi, kwa maoni yangu, ndio ulinzi pekee ambao mwigizaji wa Kenya anao hadi leo.

Mchezo wa Zora unastahili kuangaliwa kwa nafasi yake, kwa kuwa ulitengenezwa na Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mume na mke ambao wenyewe ni wasomaji wa taarifa ya habari, na ambao kabla yake walikuwa wamefaulu kwa mchezo wa Maria. Watu hawa wawili walifahamu kwamba Kiswahili chenye ladha ya pwani, kikinenwa baada tu ya taarifa ya habari ya saa moja, humshika mtazamaji wa Theta, ambaye nyumbani husema Kikuyu na kazini huchanganya lugha tatu, sawasawa na kinavyomshika yule wa Likoni, Mombasa; na kwa mwenye bidhaa inayouzwa nchi nzima hakuna lugha nyingine inayompa hadhira ya namna hiyo kwa tangazo moja. Vituo vya Kikuyu, kama Inooro iliyoanza mwaka 2015, vina nguvu kubwa katika Kiambu, na wafanyabiashara wa Thika na Ruiru wenye maduka ya vifaa vya ujenzi au ya pembejeo za kilimo huvipenda kwa sababu havimlazimu mtu kulipia macho ya Kisumu asiyoyahitaji. Walakini mwigizaji anayejifunga na lugha moja ya nyumbani hujipimia na soko lenye mpaka.

Jackie Matubia, aliyecheza ndani ya Zora pia, alichukua njia fupi zaidi, akakiweka kiti cha mtangazaji katika mtandao wa YouTube kwa kipindi chake cha mahojiano, Toboa Tuesday, bila kumwomba mwenye kituo ruhusa. Kabla yake Anne Kansiime wa Uganda alikuwa ameonyesha ya kuwa vichekesho vifupi vya mtandaoni vyaweza kumfikisha mtu kwenye televisheni ya nchi jirani, hata Citizen ikamwonyesha. Na kwenye televisheni yenyewe Eve D'Souza, mtangazaji wa redio, alianzisha na kutayarisha Auntie Boss! ya NTV, mchezo uliompa Nyce Wanjeri tuzo ya AMVCA ya mwigizaji bora wa vichekesho mwaka 2018. Mtandao nao una kodi yake, kwa kuwa sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka zuio la asilimia 5 juu ya mapato ya kazi za kidijitali, na una mabwana wake wa mbali, wanaoweza kubadili kima cha malipo usiku mmoja bila barua. Hata hivyo yule mwenye chaneli hulala akijua kwamba kazi ya jana ni mali yake.

Hatari kubwa ya biashara hii iko kwa watoa matangazo, ambao ni wachache mno. Serikali ni mteja mkubwa wa vyombo vya habari na mdaiwa wao mkubwa. Benki na kampuni za simu hufunga mkono kila uchumi unapobanwa. Na kampuni za kamari, zilizokuja kuwa wadhamini wa kila kitu kuanzia kandanda hadi vichekesho, zilinyamazishwa Aprili 2025 pale Serikali iliposimamisha matangazo yao kwa siku 30. Fedha zikipungua, mchezo wa kuigiza hukatwa kwanza. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zilizotaka asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani, zikikusudia kupanda hadi 60, zilisaidia, ila kanuni hizo hazisemi vipindi hivyo viwe vya aina gani, na kituo chenye njaa hujaza asilimia hizo kwa mazungumzo ya kochini, ambayo ni rahisi. Ndipo mwigizaji hujikuta akitakiwa kuwa mtangazaji kwa kulazimika, hata kama kipaji chake ni cha kuigiza tu, na tukapoteza waigizaji wazuri tukapata watangazaji wa kati na kati.

Juu ya Theta na jirani zake, nasema waziwazi kwamba fursa iliyopo haijaguswa. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, imeiweka Juja karibu na studio za Nairobi. Mabonde ya mito, mashamba ya mananasi ya Thika na nyumba za kikoloni za walowezi ni mandhari ambayo wageni waliyafahamu kabla yetu, kwani mwaka 1981 kampuni ya Uingereza, Thames Television, ilifanya mchezo mzima juu ya utoto wa mwandishi Elspeth Huxley hapo Thika. Kaunti ya Kiambu hutoza ada za vibali vya biashara kwa kila kinyozi, na haitoshindwa kuweka dirisha moja la vibali vya kupiga picha na ukumbi mmoja wa kukodishwa kwa bei ya haki.

Na kwa mzazi wa Theta ambaye binti yake ameitwa majaribioni Nairobi, na moyo umemjaa furaha na hofu kwa pamoja, ombi langu ni moja: karatasi ya mkataba ikiletwa nyumbani, isomwe mbele ya wakili kabla ya sahihi, kitafutwe kifungu cha malipo ya marudio na ya mauzo ya nchi za nje, na kama hakipo, mtayarishaji aombwe akiandike.